Nazario Ashika Lango la Kwa Gustavu

Asubuhi ile ya Jumamosi hakukuwa na mtu Itaba nzima aliyepania kunyamaza kama Nazario. Ajabu yake ni kwamba ndiye aliyekuwa amechaguliwa kwenda kusema.

Alikuwa anaongoza msafara kutoka Itaba, mkoani Gitega, kwenda Buhinyuza, kule Muyinga jirani na mpaka wa Tanzania, kumwombea mchumba Fredi, mtoto wa marehemu kaka yake. Kazi hiyo Warundi huiita gufata irembo, yaani kushika lango la kwa kina binti kabla hajatokea mwingine akalishika. Wenye kuijua mila watakuambia kwamba siku hiyo mwenye nyumba hajui kitu. Kwa kweli anajua sana, mbuzi ameshachinjwa na viti vimeshakodiwa, lakini hajui. Atawauliza wageni kama wamepotea njia, atawasimulia habari za mvua, atawatembeza kuona mahindi yake. Msemaji wa upande wa kijana naye hujibu kwa maneno matamu, bila papara, mpaka wenyewe wachoke kujifanya.

Nazario hakulelewa na mambo hayo. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Kasulu, Tanzania, ambako mtu akitaka chumvi alisema chumvi. Miaka miwili nyuma alipelekwa Mutoyi kumwombea Venansi, kaka yake Fredi, na mwenye nyumba alipouliza kwa kufuata mila, "Jamani, mmepotea njia?" Nazario alisimama akajibu, "Hatujapotea. Tumekuja kumchukua Imelda. Ni ndiyo au hapana?" Ilikuwa hapana. Mpaka leo Venansi anajikaangia mayai mwenyewe, na kila akikaanga hulitaja jina la baba yake mdogo.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile Nazario alianza kuhudhuria sherehe za watu, nyingine bila kualikwa, akiwa na daftari mfukoni. Alitoka na kanuni moja kubwa aliyoipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu: shida yako usiitaje mpaka uulizwe mara tatu. Akaitunga na hotuba, akaikariri shambani mbele ya migomba, na migomba haikulalamika.

Safari hii hakukuwa na nafasi ya kukosea. Adriano, baba yake Jovina, alikuwa amesema waziwazi kwenye simu: "Tunaanza saa nne. Nitavumilia mpaka saa sita. Baada ya hapo nitajua mumebadili mawazo, na kuna watu wa mkoa wa Ngozi walishaniuliza habari ya hilo lango." Fredi aliposikia habari za watu wa Ngozi alishindwa kula siku mbili. Alikuwa amempenda Jovina tangu binti huyo alipokuwa akisomea uuguzi Gitega, na kwao alikuwa hajakanyaga hata mara moja, maana kijana mwenye adabu hapiti langoni kwa wakwe kabla halijashikwa.

Basi wakaondoka alfajiri, watu watano katika gari la kukodi: Nazario na suti yake, mkewe Martha aliyejifunga imvutano, vazi la sherehe la wanawake wa Burundi, na kushika kikapu, Fredi, Venansi aliyekuja kwa shingo upande, na dereva Sefu. Nyuma kulikuwa na kreti mbili za bia na dumu la urwarwa, pombe ya ndizi. Walipokaribia Buhinyuza, Nazario akakusanya simu zote, akazizima, akazitia katika kikapu cha Martha.

"Kwenye sherehe ya Bugendana simu ililia katikati ya hotuba," alisema. "Aibu niliyoiona sitaki kuirudia. Na wewe Fredi, kumbuka, leo huna mdomo. Bwana harusi haongei."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Umeongea tena."

Adriano alikuwa amewaelekeza vizuri tu. Waulizie mahali panapoitwa Kwa Gustavu, nyumba yake inapakana napo, wataona migomba imesimikwa langoni kama ilivyo desturi ya penye sherehe. Wakaulizia. Wakaonyeshwa lango kubwa la chuma, na kweli, kushoto mgomba, kulia mgomba. Pembeni, kwenye majani, kulikuwa na kibao kikubwa kilicholazwa kikauke rangi, lakini nani husoma kibao kilicholala? Mlangoni alisimama bwana mmoja mwembamba, mwenye sare ya kijani na viatu vya mvua, akipunga mkono kwa furaha.

"Nyinyi iko wageni ya Gitega?"

"Ndio sisi," Nazario alijibu.

"Amahoro, amahoro! Tunawangojea toka asubuhi! Mi naitwa Kasiano. Leo kuingia iko bure, patrone wetu Narmin ndiye anawaalika."

Sasa msomaji, wewe na mimi tujue asichokijua Nazario. Kwa Gustavu si kwa Adriano. Ni shamba la kale la kahawa lililogeuzwa hifadhi ya miti na wanyama, na siku hiyo lilikuwa likiwangojea walimu fulani wa Gitega, ambao gari lao liliharibika njiani na ndio mwisho wa habari zao. Migomba ilisimikwa kwa heshima yao. Lango la Adriano lilikuwa upande wa pili wa kilima, nalo lina migomba yake. Lakini Nazario alimtazama Kasiano, akaona sare, akaona tabasamu, akasema moyoni kwamba watu wa Muyinga hawana mchezo, msemaji wao wamemshonea hadi nguo.

"Bon," Kasiano alianza, "hapa kanuni iko tatu. Tunatembea polepole. Hatushiki kitu. Na hakuna kutoa chochote ndani, hata jani. Hizo bia muache hapa, juu ya tumbili, wanaiba."

Nazario karibu aruke kwa furaha. Wameanza! Kukataa pombe kabla ya kujuana, hilo lilikuwamo ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Akajikohoza.

"Ndugu yangu Kasiano, hata sisi kwetu tulifundishwa kwamba mkono wa mgeni hukaa mapajani mpaka mwenye nyumba aseme. Lakini kinywaji hiki kimetoka mbali, na kinaogopa kuachwa peke yake. Tukibebe tu, hatutakifungua mpaka midomo yenu iseme."

Kasiano alibaki kinywa wazi. Kwa miaka sita ya kazi, wageni wote walimjibu kwa kuuliza choo kiko wapi.

"Mzee, unaongea vizuri, vraiment! Haya, mubebe. Alors, mumekuja kuona nini zaidi? Ndege ao wanyama?"

Moja, Nazario alihesabu kimoyomoyo. Akatabasamu kama mtu mwenye siri. "Macho ya mgeni hula anachoandaliwa."

Martha alimvuta kando. "Nazario, nyumba ya sherehe isiyo na moshi wa jikoni? Nusa mwenyewe. Hapa hakuna hata kitunguu."

"Wanaficha. Ndiyo mila."

"Wanaficha kitunguu?"

"Martha, usiniharibie."

Wakaanzia kwenye jumba lenyewe, lenye baraza refu na vigae vilivyoota kuvu. Sebuleni ilitundikwa picha ya Mzungu mwenye masharubu mapana.

"Huyu ndiye Gustavu, Mubeleji," Kasiano alisema. "Alijenga hapa zamani, akalima kahawa. Kisha akauzia mzee Jivraj, mufanyabiashara wa Gitega. Watoto ya Jivraj hawakupenda kahawa, wakaacha miti ijiotee. Sasa mujukuu wake, Narmin, akasema basi, tuachie wanyama. Bila huyu muzee wa masharubu, donc, hakuna kitu mungeona leo."

Nazario alijua akisikiacho: wenyeji wanataja ukoo wao. Akainamia picha, mikono miwili kifuani. "Mzee Gustavu, tumekuona. Paji la uso umemwachia mjukuu, tunashukuru. Masharubu umebaki nayo mwenyewe, tunashukuru zaidi."

"Baba mdogo," Fredi alinong'ona, "Jovina hana babu Mbel..."

"Mdomo!"

Kutoka hapo mambo yalinoga, yaani yaliharibika. Nyuma ya jumba waliletwa mbele ya kobe mkubwa kama karai la kuchanganyia zege. "Huyu tunamuita Madamu," Kasiano alieleza. "Ndiye mukubwa wa hapa. Iko karibu miaka mia. Kila mugeni anamusalimia kwanza." Alikuwa akitania, kama anavyowatania watoto wa shule. Nazario hakuuona utani. Alipiga goti na suti yake, akasema kwa sauti, "Gira amashyo, bibi!" ile salamu ya kale ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe, kisha akamweleza kobe historia ya ukoo wake, mvua za Itaba, na uaminifu wa wanaume wa kwao tangu enzi za babu. Robo saa nzima. Kobe alitafuna jani la kabichi bila kumpinga.

"Nyanya mkimya," Venansi alisema, "lakini angalau hajasema hapana."

Kasiano yeye alikuwa amevua kofia. Alikuwa anampenda sana yule kobe, na hakuwahi kumwona mtu akimpa heshima yake. Akaamua papo hapo kwamba wageni hawa atawaonyesha kila kitu, hata njia ndefu ambayo huwafichia walimu. Akawapandisha kilimani. Venansi akachoka, akalalamika bega, na Fredi akaichukua kreti yake juu ya ile aliyokuwa nayo. Walipofika chini ya mkuyu, Fredi, ambaye hakuruhusiwa kusema, alimwomba Kasiano kwa ishara maji ya kunywa ya Martha, mama yake mdogo. Nazario alihutubia mkuyu. Alihutubia kisima. Alihutubia mashine ya kutu ya kumenyea kahawa, akaisifu kwa uvumilivu wake.

Kwenye bwawa kulikuwa na misambi, wale ndege wenye taji kichwani, na hao hawakuwa na adabu ya kobe. Nazario alipoanza, wakaanza nao. Alipopaza, wakapaza. Akasimama juu ya jiwe akapambana nao, mshipa wa shingo umemtoka, mpaka sauti ikaanza kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Alishuka akitweta, ameridhika, maana aliamini kwamba wale walikuwa shangazi zake Jovina kwa mfano, na amewashinda.

"Mzee," Kasiano alisema kwa upole, "kweli hakuna kitu munatafuta hasa?"

Mbili. Nazario alitikisa kichwa.

"Kuuliza si ujinga," Martha alimwambia walipokuwa wakipanda ngazi za mnara wa mbao, mwisho wa njia. "Muulize tu, hapa ni kwa Adriano? Maneno manne."

"Kwa maneno manne tulimkosa Imelda."

"Kweli kabisa," Venansi alisema kutoka chini.

Juu ya mnara upepo ulikuwa mzuri, na vilima vya Tanzania vilionekana ng'ambo. Kasiano aliwapanga vizuri, akaweka darubini yake juu ya ukingo, akasema lile analowaambia wageni wote mwisho wa matembezi: "Voilà, tumemaliza. Sasa muniambie. Iko swali? Iko kitu munataka?"

Tatu!

Nazario alifunga kifungo cha koti. Alichokisema kwa dakika kumi zilizofuata, kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika, kilikuwa kizuri, na nitamgombeza atakayesema vinginevyo. Alisema juu ya kijana aliyeachwa bila baba akakua bila uchungu. Alisema juu ya watu waliorudi kwao wakakuta hata salamu wamezisahau, wakajifunza upya kama watoto. Akaomba, kwa jina la Itaba na wote walioko huko, wapewe Jovina binti Adriano.

Kasiano alilia waziwazi. Akajipangusa kwa kofia. Kisha akasema, "Mzee, hiyo iko maneno mazuri kuliko yote nimesikia. Lakini Jovina si wa hapa. Hapa iko wanyama tu. Kwao Jovina iko kule chini, upande ya pili. Hata mi nilialikwa leo, sema niko kazini."

Nazario alicheka kicheko cha mjuzi. "Ndugu yangu, endelea kunijaribu."

"Sijaribu, mzee."

Martha alikuwa ameshika darubini. Aliielekeza kule chini, akaizungusha. "Naona hema," alisema. "Naona migomba langoni. Naona moshi wa jikoni, mzuri kabisa. Naona mzee anatazama saa yake. Nazario, wameanza kupanga viti kimoja juu ya kingine."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Nazario alimtazama Fredi, na kijana hakumlaumu; alikuwa amekwisha kubeba kreti zote mbili, tayari kushuka. Hilo lilimuumiza Nazario kuliko kama angetukanwa.

"Kwa barabara iko saa nzima," Kasiano alisema. "Kwa ndani ya kinamasi, dakika kumi na tano. Iko defendu kabisa, mi mwenyewe ndiye niliandika kibao cha kukataza." Akakitazama kibao kilichotundikwa ukingoni mwa mnara. Akakigeuza. "Munifuate!"

Wakashuka mbio. Sefu alitumbukia na dumu, akaibuka na dumu. Kiatu kimoja cha Nazario kilibaki kinamasini, na kiko huko mpaka leo. Misambi waliwasindikiza kwa kelele. Wakaruka ua wa nyuma, wakapenya migomba, wakatokea jikoni kwa Adriano, katikati ya sufuria, mbele ya wapishi wanne waliopiga yowe. Wageni wa heshima hupita langoni. Hawa walitokea nyuma ya wali, wamejaa tope hadi magotini.

Adriano, mzee mnene mwenye fimbo, alisimama katikati ya ua. Nyuma yake walikaa wazee wenzake kwenye viti vichache vilivyobaki. Jovina alikuwa mlangoni, macho mekundu, simu mkononi. Ilikuwa saa sita na dakika sita. Adriano aliwatazama viatu, akahesabu vitatu kwa watu wawili wa mbele, akauliza kwa baridi sana:

"Hamjambo. Mumepotea njia?"

Nazario akasogea. Akafungua mdomo. Ikatoka "khhh."

Akameza mate. "Khhh." Sauti ilikuwa imekwisha yote. Nyingine alikuwa nayo Madamu, nyingine mkuyu, na iliyobaki walikuwa nayo misambi. Wazee walitazamana. Mmoja aliinuka, akakunja kiti chake, na Nazario akaona kabisa watu wa Ngozi wakiingia kwa lile lango wakiwa wakavu. Akamgeukia Martha, na Martha naye alikuwa bado anatafuta pumzi. Fredi hakuwa na mdomo. Venansi hakuna aliyemwamini.

Ndipo Kasiano akasogea mbele, akavaa kofia yake yenye tope. Mtu husema kwa namna anayoijua. Yeye alijua namna moja tu.

"Wageni wapendwa," alisema, akinyoosha mkono kwa Fredi, "mbele yenu muko naona kijana mwanaume, mukubwa, mwenye afya. Anapatikana Itaba. Anakula maharagwe, ndizi, na siku ya fête anakula nyama. Tafadhali, musimukaribie kwa kelele, leo iko na woga."

Bibi mmoja kizee, mama yake Adriano, akacheka "hii!" akajifunika mdomo.

Adriano alijitahidi kubaki na hasira. Alimzunguka Fredi taratibu. "Anauma?"

"Hapana, mzee. Mi nimemuchunguza masaa mawili. Akichokozwa ananyamaza."

"Anaishi peke yake ao kwa makundi?"

"Peke yake, lakini iko anatafuta. Donc, munisikilize vizuri." Kasiano aliacha mzaha, ingawa mwenyewe hakujua kama alikuwa amefanya mzaha. "Kwenye mulima alibeba kreti ya mwenzake, hakuna mutu alimutuma. Aliniomba maji, si ya kwake, ya huyu mama. Na huyu mzee hapa, baba yake mudogo, ameongea juu yake mpaka sauti ikaisha. Mi nafanya kazi ya kulinda vitu. Namna hii ya kijana imeanza kukosekana. Mukiiacha ipite, mutaitafuta."

Kiti kilichokunjwa kikakunjuliwa. Adriano alimgeukia binti yake. "Jovina, we unasema nini?"

"Mi namuchunguza miaka mbili, baba," Jovina alisema. "Iko kweli yote."

"Haya basi!" Adriano alipiga fimbo chini. "Lango mumelishika. Mumelishika kwa nyuma, tena na matope, lakini mumelishika. Walete hizo bia!"

Vigelegele vikapasuka. Wapishi waliopiga yowe wakapiga yowe lingine, la furaha. Fredi aliketi chini hapohapo kwenye tope lake, akashika kichwa, na Venansi akampiga bega kwa nguvu, akageuka upande kupangusa macho.

Ila mila ni mila. Lango likishatolewa, msemaji wa kijana hana budi kusimama na kushukuru, na shukrani hiyo ndiyo watu huisubiri kuliko nyama. Ua ukatulia. Nazario akasukumwa mbele, kiatu kimoja mguuni. Alijaribu mara moja, "khhh," akaacha. Akawatazama wale wazee, akamtazama kijana wa kaka yake akiwa amekaa kwenye tope na kucheka, akataka kusema jina la kaka yake, na hata hilo halikutoka. Machozi yakamtoka badala yake, mengi, bila haya. Akaweka mikono yote miwili kifuani, akainama, akabaki ameinama.

Wazee wakaanza kupiga makofi polepole, yale makofi ya viganja vilivyoinama ya kumheshimu mkubwa, na ua wote ukaitikia.

Martha hupenda kusimulia habari ya siku ile. Husema kwamba katika miaka yote ya ndoa yao, hiyo ndiyo hotuba ya kwanza ya mumewe aliyoisikiliza mpaka mwisho.